Kisu cha Shemeji

Ukitaka kumjua mwanamume, mpeleke sokoni akachague kisu. Mtu wa kazi atachukua kile chenye mpini wa mbao, atapapasa makali kwa kidole gumba, atalipa na kwenda zake. Mtu wa ndoto atataka cheusi, chenye meno mgongoni na ala ya kufunga pajani. Shemeji yangu ni mtu wa ndoto. Nasema hivyo kwa adabu zote, maana dada yake ndiye anayenipakulia chakula.

Kisu chake alikinunua kwa mmachinga mmoja Kariakoo. Bei ilianzia elfu sitini ikaishia thelathini na tano, kwa hiyo alirudi nyumbani akihesabu kwamba ameingiza faida ya elfu ishirini na tano. Ukifungua kitako cha mpini, ndani unakuta viberiti vitatu, ndoana, uzi wa kuvulia na sindano. Kwenye kifuniko kuna dira. “Hiki hata upotee msituni, kinakurudisha nyumbani,” alitutangazia. Sisi tunakaa Tabata. Msitu wa karibu ni Pugu, na huko nako bodaboda zipo. Dira yenyewe ilikuwa na tabia ya kumsikiliza mwenye nayo: kila alikogeuka, kaskazini iligeuka naye.

Mwenye kesi hapa ni sinema. Mwaka 1982 ilitoka First Blood, Sylvester Stallone akiwa Rambo, mkononi ana kisu alichotengenezewa na fundi wa Arkansas aitwaye Jimmy Lile. Mpini ulikuwa bomba tupu la kufichia vikorokoro vya kujiokolea. Lile alikuwa fundi wa kweli na aliijua kazi yake. Waliomwiga walichukua bomba, ufundi wakamwachia mwenyewe. Na mpini ukishageuzwa kabati, chuma cha bapa hakina tena pa kuingia. Kinaishia mlangoni, kimeshikiliwa na nati.

Ikafika Idd el-Hajj. Mchinjaji wetu ni mzee mmoja tunayemwita Maalim, mtu wa maneno machache. Shemeji akamkabidhi kisu kwa mikono miwili kama anayetoa mahari. Maalim akakigeuza huku na huku, akagusa makali, akatazama yale meno ya mgongoni.

“Mwanangu, hiki unakatia mbao?”

Akakirudisha. Akachomoa chake mwenyewe, chembamba, kimenolewa miaka mpaka bapa limeliwa katikati, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mbuzi hakupata hata nafasi ya kulalamika.

Shemeji hakukata tamaa. Akajitolea kutenganisha paja. Pigo la kwanza, la pili. La tatu, bapa likabaki limesimama kwenye nyonga ya mbuzi, mkononi akabaki na mpini, viberiti vikamwagika kwenye damu. Ndoana haikuonekana. Tuliitafuta kwenye nyama kipande kwa kipande mpaka saa nane mchana, wageni wakisubiri, kwa sababu hakuna aliyetaka kuikuta kwenye pilau.

Tangu siku hiyo kila mtu mtaani ni mshauri wa visu, na mimi sitakubali kuachwa nyuma. Kwanza kabisa, chuma kiingie ndani ya mpini. Kikifika mpaka mwisho na kupigwa ribiti, hapo utakipiga mwaka hadi mwaka. Mafundi wa kufua chuma hapa kwetu wanajua hilo bila kufundishwa na mtu. Wanachukua springi ya gari, chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.6, kigumu lakini kinachovumilia kupigwa, na wanakuuzia kisu kisicho na sura lakini chenye roho. Mtazame tu fundi anapokisaga kwenye mashine. Makali yakigeuka rangi ya bluu, ujue yameungua. Kitakata nyanya ya kwanza na ya pili, ya tatu utaiponda. Na springi inashika kutu. Ukikatia ndimu ukakiacha kwenye kapu usiku kucha, asubuhi utakikuta na madoa. Kifute, kipake mafuta ya kula, basi. Asiye na subira hiyo, hasa mtu wa pwani anayeparua samaki kila siku, anunue kisichoshika kutu, chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kutu itamkalia mbali, ila kwenye kunoa jasho litamtoka zaidi.

Mpwa wangu aliyekuwa masomoni Sweden alirudi na kisu kutoka Mora, mji ambao visu vyake vimejaa Ulaya nzima. Mpini wa plastiki, ala ya plastiki, bapa la sentimita kama 10, unene haufiki milimita 3. Huko Ulaya kinauzwa dola 15 hadi 20 hivi. Chuma chake hakifiki mwisho wa mpini, kwa hiyo si cha kupasulia kuni kwa nyundo, lakini kinachonga, kinachuna ngozi na kukata kamba bila kelele. Shemeji alikitazama mara moja akasema, “Hiki cha kumenyea viazi.” Kesho yake akakiazima akifanyie majaribio. Majaribio bado yanaendelea.

Kwa hiyo ukienda sokoni, acha kutazama meno na rangi. Gonga kitako cha mpini. Kikisikika kitupu, kirudishe mezani. Kaza mkono wako kwenye mpini uone kama vidole vina pa kukaa, maana mkono wenye mafuta ya nyama hauna breki. Ipindue ala kichwa chini juu ya meza, mbali na miguu yako. Kisu kikianguka, kitakuangukia siku nyingine ukiwa unaruka mfereji. Muuzaji akianza kukuelezea habari za komando, muage kwa heshima. Na kama kisu ni cha kuchinjia, kinoe siku moja kabla, tena nyuma ya nyumba, mbuzi asikuone.