Sifa za Dole Gumba la Mguu

Washairi wamesifu macho, shingo, hata mwendo wa maringo, wasiulize mwendo huo unasukumwa na nani. Dole gumba la mguu hukumbukwa mtu anapojikwaa, tena kwa matusi. Nami nadai kwamba kiungo hiki kinene, kisicho na sura, ndicho kilichotuingiza katika ubinadamu, na kwamba dole gumba la mkono, linalopewa sifa zote, linakula jasho la nduguye.

Mtazame sokwe. Dole gumba la mguu wake limejitenga na wenzake, naye hushikia tawi kwa hilo. La kwetu liliacha anasa hiyo, likajipanga safu moja na wadogo zake, likawa mchukuzi: kisigino kikishainuka, lenyewe ndilo la mwisho kuiaga ardhi, likiusukuma mwili wote mbele. Ushahidi uko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Waliopita pale walitembea kwa miguu miwili, na dole gumba halikuchomoza pembeni kama la sokwe. Sasa linganisha na mkono: zana za mawe kongwe kuliko zote zinazojulikana, za Lomekwi karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, zina miaka milioni 3.3. Mguu ulitangulia, mikono ikabaki haina shughuli. Na mikono isiyo na shughuli huzua mengi, ustaarabu ukiwamo.

Mpinzani atasema farasi hana dole gumba, husimama juu ya kidole cha kati peke yake, na mbio anatushinda. Kweli, lakini ana miguu minne ya kugawana kazi. Shahidi mgumu ni mbuni: miguu miwili, vidole viwili kila mguu, dole gumba hana, na hakuna binadamu wa kumfikia. Kwa mbio nasalimu amri. Ila ndege wengi wamelielekeza dole hilo nyuma ili kushika tawi. Mbuni, aliyelitupa, halali mtini wala hachongi jiwe. Wapo pia watakaoleta kesi ya jongo, maumivu yanayopenda kuanzia kwenye kifundo cha dole hili usiku wa manane. Hapo mshtakiwa si mkosaji. Asidi ya yuriki huzidi katika damu, mara nyingi ikichochewa na nyama na pombe, kisha fuwele zake hutua pembezoni mwa mwili kwenye ubaridi. Kinywa kimekula, dole linalipa.

Tena halina kinyongo. Ndilo lililoubana msuruaki wa mtalawanda, na leo linaishikilia kandambili isibaki nyuma njiani. Mtu akikatika dole gumba la mkono, madaktari wa upasuaji wanaweza kulihamishia pale la mguu, likashika kalamu na kijiko kama lililozaliwa huko. Aliyekatwa la mguu hapelekewi la mkono. Basi msomaji, lipe haki yake: usilisonge katika kiatu chembamba cha harusi, na ukucha wake ukate mnyoofu, usiuchimbe pembeni, usije ukaota ndani ya nyama.