Msonyo Umetunyima Majibu

Leo nataka kusema na wasonyaji. Sina ugomvi na msonyo wa mama aliyekuta mkaa umepanda bei tangu jana, ule una haki yake. Ninaousema ni ule tunaomrushia mtu aliyeuliza swali. Mtu kauliza, hajatukana, hajakopa, na sisi midomo tunaivuta mpaka bodaboda wa ng'ambo ya barabara wanageuka kutazama.

Juzi mtoto kaja hapa kijiweni, katumwa kashata. Kaamkia, kaitikiwa, kasimama kidogo kusikiliza wakubwa. Mara kauliza: "Babu, mbona usiku mbu wananiuma mimi tu? Dada tunalala kitanda kimoja na hawamgusi." Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasonya: "Nenda na kashata zako, mbu ana akili ya kuchagua mtu?"

Anachagua, jamani. Mtoto yule ameona kwa macho yake jambo ambalo watu wazima wenye maabara wametumia miaka kulipima, na sisi tumemfukuza.

Anayeuma ni jike peke yake. Dume maisha yake ni maji matamu ya maua na mimea. Jike naye damu haitafuti kwa kushiba, anaitaka mayai yake yapevuke. Kinachomwita kwanza ni pumzi. Hewa ya kaboni tunayoitoa puani na mdomoni humwambia upande upi kuna kiumbe hai, ndiyo sababu taa ikizimwa huja kukuimbia sikioni. Akishakaribia anafuata joto la mwili na harufu ya ngozi, na kwenye harufu ndipo watu tunapoachana. Ngozi ya kila mtu ina vijidudu vyake na mafuta yake, na vijidudu hivyo vikila mafuta na jasho hutoa harufu ambayo pua ya binadamu inaweza isiisikie kabisa. Mbu anaisikia.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza matokeo ya kazi yao. Waliwavisha watu soksi za nailoni mikononi, kisha wakawaacha mbu wachague kati ya soksi hizo. Wapo watu ambao soksi zao zilikimbiliwa kila mara, na miaka ilipopita wakapimwa tena, bado zilikimbiliwa zilezile. Watu hao ngozi zao zilikuwa na asidi za mafuta nyingi kuliko za wenzao. Kwa hiyo ile habari ya damu tamu tuliyolelewa nayo si kweli, lakini bibi aliyeianzisha alikuwa ameona sawasawa: katika nyumba moja yuko anayeumwa zaidi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba siri iko kwenye ngozi.

Yapo na mengine. Huko Gambia ilipimwa ikaonekana wajawazito huvuta mbu wa malaria kuliko wanawake wasio na mimba, maana mwili wao una joto zaidi na pumzi zao ni nyingi zaidi. Mjamzito akilalamika kwamba mbu wamemwandama, asiambiwe anadeka, apewe chandarua kizima. Na Burkina Faso waliwapima watu waliokunywa bia ya kienyeji, mbu wakawapenda kuliko waliokunywa maji. Hilo nililisema hapa, na wenye jioni zao wakanyamaza.

Wala tusidhani majibu yote yametoka ng'ambo. Hapo Ifakara, bonde la Kilombero, ipo taasisi ya utafiti wa afya ambayo mbu ndiyo kazi yake ya kila siku. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake wa Ifakara walionyesha kwamba mchanganyiko wa harufu uliotengenezwa kwa kuiga harufu ya mwanadamu unaweza kuvuta mbu wengi kuliko mtu mwenyewe aliyelala kwenye kibanda cha peke yake. Baadaye wakatumia hata harufu ya soksi zilizovaliwa kuwatega mbu nje ya nyumba. Soksi chafu! Hapa kijiweni tungeangua kicheko. Kicheko si kibaya kikifuatwa na fikra. Mwaka 2006 wanasayansi wawili, Bart Knols na Ruurd de Jong, walipewa tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa kazi inayochekesha kwanza kisha ikafikirisha, kwa sababu walionyesha kwamba mbu wa malaria huvutwa na harufu ya jibini iitwayo Limburger kama anavyovutwa na harufu ya miguu ya binadamu. Watu walicheka, halafu wakaanza kutengeneza mitego.

Haya, la pili. Mzee mmoja hapa, mpiga soga wa siku nyingi, huwa anauliza jogoo anajuaje kwamba kunakaribia kucha wakati nje bado ni giza totoro. Tunamwambia anaona mwanga ambao sisi hatuuoni. Japani, katika Chuo Kikuu cha Nagoya, walilipeleka swali hilo maabara mwaka 2013. Majogoo wakafungiwa chumbani, taa zinawashwa na kufifishwa kwa saa maalumu. Wakawa wanawika muda wa kama saa mbili kabla taa hazijawashwa. Wakaachwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku, na bado waliendelea kuwika kwa mzunguko wa siku. Saa iko mwilini mwa jogoo. Mwanga wa nje na sauti za wenzake humchokoza tu.

Mzee alifurahi, lakini nilipomweleza sehemu ya pili ya habari hiyo ndipo alipoweka kikombe chini. Miaka miwili baadaye watafiti haohao waligundua kwamba majogoo wakikaa pamoja hawawiki ovyo. Anaanza mkubwa wao, yule anayewashinda wote kwa kupigana, kisha anafuata wa pili, wa tatu, mpaka mnyonge wa mwisho. Ukimwondoa mkubwa, wa pili anashika nafasi. Mzee akasema kwao Handeni amelisikia jambo hilo miaka yote, jogoo wa fulani akitangulia na wa jirani wakifuata, ila kila alipolisema aliambiwa amezeeka.

Na vidole je? Kila anayefua nguo au kukaa na mwani baharini anajua jinsi vidole vinavyojikunja vikikaa majini. Tukaambiwa ngozi imelowa maji. Lakini tangu miaka ya 1930 madaktari waliona kwamba kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umekatika hakijikunji, hata ukikiloweka kutwa. Kwa hiyo ni mwili wenyewe unaotoa amri, mishipa ya damu inabana na ngozi inavutwa ndani. Mwaka 2013 huko Newcastle, Uingereza, waliwapa watu gololi zilizolowa wazihamishe, na wenye vidole vilivyojikunja walizihamisha haraka zaidi. Mwani unateleza, samaki anateleza. Na lile swali la mtoto kwenye basi, kwa nini mwezi unamfuata, sitalieleza kwa urefu: mwezi uko mbali mno, kama kilomita 384,000, hivyo miti na nguzo zinabaki nyuma na wenyewe unaonekana palepale. Mtoto akiuliza, mjibu hivyo, autazame mpaka Korogwe.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu, maana hili limetokea kwetu, mkoa huuhuu wa Tanga.

Mwaka 1963, shule ya sekondari Magamba, huko Lushoto, wanafunzi walikuwa wanajitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ni chache, wanafunzi wengi. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa anachemsha yake alipomwona mwenzake akichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha na kuyawahisha. Akaona akisubiri yapoe atakosa nafasi ya mwisho. Akayaweka yakiwa ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu wakarudi wote wawili. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Likizoni akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia kwamba yeye huweka ya moto makusudi ili igande upesi, na amejifunza kwa kaka yake. Mnaona? Wauza aiskrimu walishalijua! Likawa linaishi mikononi mwao bila kuandikwa, kwa sababu nani angemsikiliza muuza aiskrimu?

Mpemba akaenda sekondari ya juu, Mkwawa, Iringa. Akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote, na kuanzia hapo darasa zima likapata la kumtania. Kila akikosea hesabu, wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Msonyo huo! Wengine wangenyamaza maisha. Yeye akaingia maabara, akachukua vyombo viwili, kimoja maji ya bomba, kingine ya moto, akaviweka kwenye friji na kujionea.

Siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia. Baada ya mhadhara Mpemba akasimama na swali lake: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo sawa, kwa nini ya nyuzi 100 yanaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne akamuuliza kama amelijaribu kweli, kisha akaahidi kwamba akirudi Dar atalijaribu naye. Akatimiza. Fundi wake wa maabara akaleta taarifa kwamba ya moto yameganda kwanza, na akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Fundi wa watu, macho yameona na moyo bado umekataa.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja, na jambo hilo likabeba jina la Mpemba duniani kote. Lilishatajwa na Aristotle, na Francis Bacon, na Descartes, likasahaulika. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ikatangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakamiminika zaidi ya 22,000. Wengine wanasema maji ya moto hupungua kwa mvuke, wengine kwamba yamepoteza hewa iliyoyeyuka ndani yake, wengine wanataja mzunguko wa maji chomboni au sakafu ya friji yenye barafu inayoyeyuka chini ya chombo cha moto. Mwaka 2016 wapimaji wengine Uingereza wakasema wamepima kwa makini na hawakuliona. Mwaka 2020 wengine Kanada wakalionyesha kwa punje ndogo mno ya kioo ndani ya maji. Ubishi haujaisha.

Kuingia kwenye ubishi huo hakuhitaji chuo kikuu. Vikombe viwili vinavyolingana, maji ya bomba moja, kimoja kimechemshwa, vyote ndani ya friji dakika ileile, na mtu wa kutazama saa. Urudie, ubadilishane nafasi za vikombe, uandike. Mama anayeuza barafu za ukwaju pale kona ameshakubali kujaribu Jumapili, ila amesema ataanza na ukwaju wenyewe, maana ndio anaoujua, na anayetaka kushuhudia achangie umeme.