Mbuzi wa Tatu Yuko Hewani

Kwetu Wamunyu mtoto hukua akinusa mbao mbichi. Tangu Mutisya Munge arudi na ujuzi wa kuchonga aliouokota Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, tezo imekuwa kama kijiko: kila mtu anayo. Baba yangu anachonga hadi leo. Mimi nilijikata kidole mara mbili katika wiki moja, nikashauriwa nitafute kazi isiyo na makali. Nikanunua ATEM Mini.

Kwa asiyeijua, hicho ni kidude cha kubeba kwa mkono mmoja, chenye matundu manne ya kamera na vibonye vinavyowaka. Ukibonyeza kibonye namba 2, kinakuwa chekundu na papo hapo dunia nzima inaona kamera ya pili. Vilitoka 2019, korona ikaja mwaka uliofuata, na ghafla hakuna mazishi wala harusi isiyopeperushwa mtandaoni.

Jumamosi moja kazi yangu ilikuwa ntheo, siku ya kupeleka mbuzi kwa kina msichana anayeposwa. Kaka yake msichana yuko Doha na alitaka kuona kila kitu. Kamera ya kwanza nikaielekeza kwa wazee, ya pili kwa umati, ya tatu kwa mbuzi wenyewe. Waya wa HDMI ukizidi mita 15 hivi picha huanza kukatikakatika, kwa hiyo niliomba mbuzi wasogezwe karibu na tenti. Wazee wakakubali haraka, wakidhani ni heshima.

Sasa, kila kamera ina kibonye kimeandikwa AFV, maana yake sauti hufuata picha: kamera ikiingia hewani, maikrofoni yake inaingia nayo. Nilikuwa nimeviwasha vyote, kwa sababu viliwaka vizuri. (Ndiyo, hiyo ndiyo sababu.) Visikizi nilikuwa nimevivua, kwa kuwa sahani ya mbuzi choma ilikuwa imenifikia na sijui kutafuna nikiwa nimezibwa masikio.

Mzee akasimama kuhesabu mbuzi. Nikabonyeza 3. Picha safi kabisa: mbuzi watatu, na nyuma yao miguu ya vijana wawili wa upande wa mume. Nikaiacha hapo dakika nzima, nikijisifu.

Spika za tentini zilikuwa za MC, hazina uhusiano na mashine yangu. Kwa hiyo pale tentini tulisikia hotuba. Doha walisikia hivi:

"Huyu wa madoa tusimsahau. Mwenyewe anamtaka kabla ya giza."

"Si ulimwambia tunamuazima tu?"

Simu ya baba ya msichana ikalia. Akasikiliza, akaniangalia mimi, akamwangalia mbuzi wa madoa. Kisha akamwomba mzee aanze kuhesabu upya, polepole.

Jioni nilimkuta baba chini ya mwarobaini na ndovu aliyevunjika mkonga. Aligonga tezo hapa na pale, akampuliza vumbi, akamweka na wenzake. Alikuwa kiboko.

"Na wewe," akasema bila kuinua macho, "yule mbuzi uliyemharibu amegeuka nini?"

"Wawili, baba. Mmoja wa kuchukua nafasi ya yule wa kuazima, na mwingine wa faini."

"Na malipo yako?"

Nikamsaidia kukusanya vumbi la mbao.