Uchanja wa Fundichuma

Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, na ufuo wa Kendu Bay hupoa. Ndipo wanyama wa ufuoni walipokubaliana wajengewe uchanja, maana omena wa kuanikwa mchangani hutafunwa pamoja na changarawe. Kazi akapewa Fundichuma. Urefu hatua kumi, upana nne, juu wavu. Malipo gorogoro nne za omena. Mwisho 31 Julai.

Kumchagua hawakukosea. Kiota chake mwenyewe hula vijiti maelfu, upana hufika mita moja na nusu, na mtu mzima akisimama juu yake hakibonyei. Kasoro yake moja tu: hana mdomo wa kukataa.

Siku ya tatu akaja Bundi.

"Fundi, maadamu matawi unayo, si ungeweka kipaa? Kadogo tu, upande huu."

"Hakuna shida, jaduong'."

Kenge akataka chumba cha chini, cha kuwekea kamba. Kamba gani, hakuna aliyeuliza. Hakuna shida. Kiboko akataka njia pana ya kupandia, Kiboko ambaye tangu azaliwe hajaanika hata omena mmoja. Hakuna shida. Korongo, mwenyekiti wa kamati, akauliza: heroe wa Ziwa Simbi siku wakija kuona mradi, watakaa wapi? Pakajengwa baraza. Heroe hali samaki, hula mwani. Lakini mwenyekiti keshasema.

Bundi mimi simlaumu. Aliomba kadogo, na kweli kalikuwa kadogo. Angeomba jumba, Fundichuma angeketi chini akahesabu vijiti. Kijiti kimoja nani anakihesabu?

Agosti ikaingia, mwezi ukafa, taa za wavuvi zikatapakaa majini. Alfajiri Kanga na binti zake wakashuka na mabeseni yamejaa, omena bado wanameta. Wakaikuta njia, wakaikuta baraza, wakakikuta chumba. Na paa nalo. Nusu paa lilionekana vibaya, basi Fundichuma alikuwa ameliendeleza mpaka ukingo wa pili. Chini yake kivuli kizito kama cha mwembe.

"Sasa jua litapitia wapi?" akauliza Kanga.

Wakaanika mchangani.

Mwaka uliofuata kazi akapewa Mnana. Bundi hakukawia.

"Kipaa kadogo tu, fundi."

"Sawa, jaduong'. Paa ni gorogoro mbili juu ya zile nne, na badala ya Julai tutamaliza Septemba. Twende kwa Kanga, mwenye omena ni yeye. Akikubali, naanza leo."

Bundi akatazama jua. Akatazama njia ya kwenda kwa Kanga.

"Basi, tuache kwanza."

Kenge alipoambiwa bei ya chumba, zile kamba zikapata pa kukaa siku hiyo hiyo. Uchanja wa Mnana ulikwisha 28 Julai. Hauna urembo wowote, na omena hukauka.

Ule wa kwanza ungalipo. Kenge anaishi chumbani, Bundi amehamia darini. Gorogoro nne za Fundichuma hazijalipwa hadi leo: kamati inasema kazi haijakamilika, baraza halijapakwa rangi.