Babu Aje Mwenyewe na Vidole Vyake

Kwa Shangazi, babu yetu ni shujaa. Januari 1947, makuli wa bandari ya Kilindini walipogoma pamoja na watu wa reli na wapishi wa hoteli, babu alikuwa hakosi Kiwanja cha Maskini kila mkutano, mpaka akakamatwa akafungwa. Kwa Ami, aliyezaliwa tumbo moja na huyo Shangazi, babu alifungwa kwa tembo la mnazi, na habari za mgomo alizisikia huko ndani. Ugomvi huu umeshatuharibia pilau ya Idi tatu. Idi ya mwisho mdomo ukaniponza: "Si tuiulize Serikali yenyewe?"

Pahala alipofungwa hawabishani. Ni Ngomeni, yaani Fort Jesus, iliyokuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Siku hizi ni makumbusho na mlangoni twakata tikiti. Babu aliingia bure.

Nikajiandaa kisomi. Katiba, Kifungu cha 35, yanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya 2016 yasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na jibu litoke ndani ya siku 21. Nikaandika Kiswahili kilichonyooka, nikapanda basi la usiku hadi ofisi ambayo jina lake nitalimeza, maana huenda nikarudi.

Karani akaitazama barua kama aliyeletewa samaki wa jana.

"Mzee, si ungeandika tu Kizungu? Sasa hii itasomwa na nani?"

Nikamtolea nakala ya sheria, kifungu nimekipiga mstari. Akakisoma taratibu, midomo ikicheza, akanirudishia.

"Ni kweli kabisa. Haya, kaitafsiri."

Nikaitafsiri. Siku 21 zikapita, zikapita nyingine 21 za kuzisindikiza. Nikapanda basi tena.

"Kitambulisho cha mhusika?"

"Ameshafariki."

"Nakala basi."

Enzi zile hakukuwa na nakala, kulikuwa na kipande. Wakoloni walitunga sheria yake 1915: kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 atembee na karatasi yenye jina lake, alama ya kidole, waajiri wake na mshahara wake, imetiwa ndani ya kikebe cha bati kinachoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Kukutwa huna ni kosa. Babu alitoka Kwale kuja kubeba magunia, na kikebe chake Shangazi anacho hadi leo, anatilia sindano. Karatasi ilishaliwa na mende. Serikali iliyomfunga babu vidole vyake shingoni asije akaipotea, leo yaniuliza mimi viko wapi.

"Basi twahitaji alama za vidole, vyote kumi," akasema karani. "Mwenye rekodi aje mwenyewe."

"Mwenyewe yuko makaburini tangu 1971."

Akachukua kalamu, akaandika kwenye faili langu kwa hati ya kupendeza: *Mhusika hapatikani.*

Nikapandishwa ghorofani kwa mkubwa wake, mtu mpole, kikombe cha chai kimefunikwa kisahani. "Faili za wakoloni?" akasema. "Hizo Wazungu waliondoka nazo." Nami nikakosa la kumjibu, kwani si uongo mtupu. Kenya ilipokaribia uhuru, Waingereza walisafirisha masanduku kama 300 ya nyaraka hadi kwao, na ni 2011 ndipo walipokiri kuwa yamehifadhiwa Hanslope Park. Lakini jamani! Afisa wa kikoloni anafungasha, ndege yamngoja, siri za dola hazijaisha kuchomwa, naye akumbuke faili la kuli wa Kwale?

Nilipomsimulia Shangazi kwa simu akapiga kigelegele. "Si nimewaambia? Faili la mlevi wangehangaika nalo hadi Ulaya?" Nikasikia kwa nyuma Ami akiomba apewe simu, asipewe.

Mkubwa yule hakuninyima tumaini. Kulikuwa na stoo chini, huenda yamebaki makaratasi. Ila anayeingia kutafuta rekodi za wahalifu sharti awe na cheti cha tabia njema. Chake mwenyewe.

Nikalipa elfu moja na ushee. Nikachapisha fomu ya vidole, nikafukuzwa: eti pande zote mbili ziwe kwenye karatasi moja, nami nimeleta karatasi mbili. Nikarudi saiba, nikapanga foleni upya. Kijana mmoja akanishika vidole kimoja kimoja, akavibingirisha kwenye wino kama anayekunja kaimati, huku akinikaripia, "Legeza mkono, mzee, usinisaidie." Sabuni hakuna. Nilikula chapati ya njiani kwa kijiko.

Cheti kikatoka. Stoo, nilipokipeleka, ikawa imefungwa kwa ukarabati.

Jumamosi nikakipeleka nyumbani kwa Shangazi, Majengo, kwa vile ndiyo karatasi pekee ya Serikali niliyoambulia. Ami akajifanya anakoroga uji. Shangazi akavaa miwani, akasoma jina langu, akafika pale palipoandikwa kwamba sina rekodi yoyote ya uhalifu, akakigeuza kutazama nyuma, kisha akanitazama mimi.

"Yaani hata wewe," akasema, "umri wote huo, hujafanya lolote?"