Usihame, Jisogeze Tu

Wapo wanaosifu nyumba mpya. Mimi nasifu nyumba inayokarabatiwa mpangaji akiwa ndani, na sifa hizi nazitoa nikiwa Lizaboni, Songea, huku napiga chafya.

Nyumba yetu ina pande mbili, ukuta wa katikati mmoja. Mwezi Juni, mvua zimekwisha, mama mwenye nyumba alinigongea. "Mwanangu, tunabadilisha mabati na dari. Usihame, wewe jisogeze tu." Kodi ya miezi sita nilishalipa, na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa tangu 2005. Nikajisogeza.

Asiyelala Songea mwezi Juni bila paa hajui raha. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Matogoro haupigi hodi. Milima hiyo imeipa nchi Mto Ruvuma; mimi imenipa mafua, tena bure, na nyota za kuhesabu hadi jogoo wa kwanza.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Halibagui: limo kwenye chumvi, kwenye mswaki, hadi ndani ya sanduku la kufuli. Mwaka 1905 wazee wa huku waliaminishwa kwamba maji yangezuia risasi. Nami kila alfajiri nilinyunyiza maji sakafuni kwa imani ileile. Vumbi likapita.

Lakini sifa kubwa ni za mafundi. Nilikuwa mchelewaji kazini. Siku hizi saa kumi na mbili asubuhi nyundo iko juu ya utosi wangu. Nilikuwa mpweke, sasa saidia fundi anajua nina suruali ngapi na ugali wangu unaiva saa ngapi (hilo la pili analijua kuliko mimi). Grenda yao ya kukatia nondo inakula yuniti zangu za LUKU, na nikinung'unika fundi hunituliza: "Kaka, si nyumba yako hii unatengenezewa?" Basi wiki tatu nzima nimekuwa mwenye nyumba. Upangaji hunirudia siku ya kodi.

Jana dari ilikamilika. Naanza kupanga vyombo, Mama huyo mlangoni, uso umekunjuka: upande wa pili unaanza Jumatatu. Saidia fundi ameshapita kuuliza kama soketi yangu bado inafanya kazi.