Raketi Hewani, Rimoti Kiooni

Nintendo ilipoingiza sokoni mashine yake ya gemu, Wii, mwishoni mwa 2006, iliwaomba wachezaji wainuke kwenye kochi, wazungushe mkono kama wacheza tenisi wa kweli, na raketi iliyomo kwenye runinga iwafuate. Watu walizungusha kwelikweli. Rimoti ziliwachomoka zikatua kwenye kioo cha runinga, maana kamba nyembamba ya kuvaa mkononi ilikuwa inakatika. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ilitangaza kubadilisha kamba milioni 3.2, na mwaka uliofuata ikaishonea rimoti koti la silikoni, kama mtoto anayepelekwa Lushoto mwezi wa saba. Nami nasema kamba haikuwa na kosa. Raha ya gemu ni kutoa kidogo na kupata kingi: kidole gumba kinasogea kidogo tu, shujaa anaruka ukuta. Ukimlazimisha mtu atoe jasho kwa kila pigo, atatafuta njia ya mkato, na hapa njia ilikuwa wazi. Katika pigo la tenisi rimoti ile haiuoni mkono, inapima tu kasi inavyobadilika, kwa hiyo aliyelala chali akikitikisa kiganja hupata pigo lilelile analopata mwenzake anayehema katikati ya sebule. Mkono mzima umegeuka kitufe, tena kitufe kisichoaminika.

Mtetezi atauliza: na bibi je, ambaye pedi yenye vitufe kumi na kitu humtisha kuliko fomu ya benki? Hoja hiyo ni nzito, na Wii zaidi ya milioni 101 zilizouzwa zinaibeba. Lakini kuingia kwa urahisi si kukaa. Kinect ya Microsoft, kamera iliyoutazama mwili mzima, iliuza milioni 8 katika siku 60 za mwanzo mwaka 2010, ingawa ilidai karibu mita 2 za sakafu tupu mbele ya runinga, na meza ikahamia ukutani. Mwaka 2013 ikafungwa lazima ndani ya boksi la Xbox One, mashine ya gemu ya Microsoft, kwa dola 499. Haukupita mwaka, boksi lisilo nayo likauzwa dola 399, na kufikia 2017 haikutengenezwa tena. Kuhusu afya, naona ni sare: jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha mwaka 1990 habari za kidole gumba kilichoumizwa na vitufe, na mwaka 2007 za bega la daktari aliyezidisha tenisi ya Wii.

Katika uchezaji wa mwendo, kilichosalia ni kile kisichojigamba. Katika gemu ya Splatoon ya 2015, kijiti cha gumba humgeuza mchezaji, na kuinamisha pedi kidogo hunyoosha shabaha ya bunduki ya rangi. Hapo mwendo unakisaidia kidole bila kudai kazi yake, na asiyeutaka anauzima kwenye mipangilio, anaendelea kupaka wenzake rangi.